Fahirisi ya Jarida la Wanafunzi: Mpango wa Ukurasa na Haki ya Jina

Nimeombwa niseme juu ya ukurasa mmoja tu wa jarida, ule tuuitao Yaliyomo, au kwa jina la zamani fahirisi. Nimeipokea kazi hiyo kwa furaha, kwa kuwa ukurasa huo aghalabu hutungwa mwisho, usiku, wahariri wamekwisha choka na mpiga chapa anadai kazi yake, ilhali msomaji ataufungua kabla ya nyingine zote.

Neno fahirisi lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kwa Waajemi. Mwaka 987 huko Baghdad, Ibn al-Nadim, aliyekuwa muuza vitabu, alitunga kitabu akakiita kwa jina hilo hilo, akaorodhesha ndani yake waandishi na tungo zao kwa kadiri alivyozijua. Nyingi katika tungo hizo zimepotea, hazina nakala wala kipande; zilizobaki ni anwani zake na majina ya waliozitunga, kwa sababu tu muuza vitabu yule aliona yapasa kuyaandika. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa maneno yangu yote yamesimama juu yake: fahirisi humwonyesha msomaji njia, na papo hapo humshuhudia mwandishi kwamba aliandika. Majarida yetu ya wanafunzi yaijua kazi ya kwanza kwa shida, na ya pili yameisahau.

Nimekuja na jarida moja la shule ya sekondari, ambalo jina lake nalisitiri, lenye kurasa 32 za kipimo cha A4, zilizobanwa kwa pini mbili mgongoni. Fahirisi yake imewekwa ukurasa wa 3, upande wa kulia, na hapo wahariri wamefanya vema, kwani jicho la mwenye kufunua jarida hutua kulia kwanza. Lakini tazameni kilichomo. Neno YALIYOMO limepigwa kwa herufi nyekundu zenye kivuli, likachukua sentimita 7 na nusu za juu, yaani robo nzima ya karatasi. Nembo ya shule imetandazwa nyuma ya maandishi kwa rangi hafifu, na kila mstari unaopita juu yake hupoteza nusu ya nguvu zake. Kisha zafuata Salamu za Mkuu wa Shule, Salamu za Mwenyekiti wa Bodi, Neno la Mlezi, kila moja kwa herufi nzito pamoja na jina na cheo cha mwenyewe. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, neno moja pekee, Mashairi, na mbele yake safu ya vitone mpaka ukingoni, ilipo namba 22.

Nikianza na vitone, ambavyo havihitaji maneno mengi: zamani za taipureta, kila herufi ilichukua nafasi sawa na mwenzake, basi mchapaji aligonga kitone mara nyingi atakavyo na namba zikajipanga zenyewe. Herufi za kompyuta zina mapana mbalimbali, herufi i ikiwa nyembamba na m ikiwa nene, kwa hiyo mwanafunzi agongaye vitone kwa kukisia hupata namba zilizopinda kama ukuta uliojengwa bila timazi. Kitufe cha Tab kingemwondolea taabu hiyo. Walakini hata vikinyooka, sivipendi sana, maana humlazimisha msomaji kusafiri sentimita 17 kutoka kwenye kichwa cha habari hadi kwenye namba, na njiani jicho huteleza likaangukia mstari wa jirani. Iwekeni namba kushoto, kabla ya kichwa, karibu nacho, tarakimu za mamoja zikisimama wima chini ya mamoja, ili 8 ikae juu ya 8 ya 28, na safari imekwisha.

Sasa fungueni ukurasa wa 22. Hakuna shairi, pana tangazo la duka la sare. Sababu yake yafaa ieleweke, kwa maana wengi humlaumu mpiga chapa pasipo haki. Karatasi moja ikikunjwa huzaa kurasa 4, na jarida libanwalo mgongoni haliwezi kuwa na kurasa 30 wala 31. Litakuwa na 28 au 32. Ukurasa ukipungua, hutafutwa tangazo la kuujaza, nalo huja siku ya mwisho, likapachikwa katikati na kuzisogeza mbele kurasa zote zilizo nyuma yake, na fahirisi iliyokwisha tungwa haina habari. Namba za fahirisi ziandikwe na mtu aliyeishika nakala ya mwisho mkononi, akifunua ukurasa mmoja mmoja.

Makosa hayo yote nayasamehe. Nisilolisamehe ni lile neno Mashairi lililosimama peke yake, kwa sababu nyuma yake, kuanzia ukurasa wa 23 hadi wa 26, wamejificha wanafunzi 11. Nilimpa jarida hili mmoja wao, binti wa kidato cha tatu, naye kabla ya kusoma neno lolote aliweka kidole juu ya fahirisi akakishusha polepole, mstari kwa mstari, mpaka chini. Alipofika kwenye vitone alikiinua kidole, akaanza kufunua kurasa moja moja hadi alipojikuta kwenye 25. Hakulalamika. Mimi niliona haya kwa niaba ya wakubwa wenzangu, ambao majina yao yalikuwa pale juu, meusi na mazito.

Kumbukeni kwamba katika Chuo cha Makerere, jarida la wanafunzi liitwalo Penpoint, lililoanzishwa mwaka 1958, lilichapisha mwaka 1960 hadithi fupi ya kijana mmoja kuhusu mti wa mugumo, na kijana huyo ni Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye siku zile alijulikana kama James Ngugi. Hakuna mhariri aliyeweza kujua wakati ule jina gani lingevuka mipaka. Kwa kuwa hatujui, insafu yataka tuyaandike yote, na kwa herufi za ukubwa mmoja na zile za mkuu wa shule.

Mtaniambia nafasi haitoshi. Nilikaa na binti yule na rula, tukaupanga upya ukurasa kwa penseli. Tuliiondoa nembo. Neno Yaliyomo tulilipa sentimita 1 na nusu, likatuachia 6. Kila shairi tulilitengea mstari wa nusu sentimita: namba, kichwa cha shairi, jina kamili na kidato. Mashairi 11 yakala sentimita 5 na nusu, ikabaki nusu, naye akaomba tuitumie kuandika jina la mwanafunzi aliyechora jalada.