Damu kwenye Mswaki: Hotuba kwa Wauguzi Wahitimu, Msambweni



Nimeombwa nitoe nasaha. Nitazungumzia fizi, na anayetaka kucheka acheke sasa.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 nchini Kenya fizi zao hutoka damu. Jambo likienea hivyo watu huliona la kawaida. Hili ni ugonjwa. Chanzo ni ukoga unaoganda kwenye mashina ya meno. Usipoondolewa hugeuka mgumu kama tumbawe, na hapo mswaki hauuwezi tena, sharti ukakwanguliwe hospitalini. Fizi zilizovimba tu hupona. Mfupa unaoshika jino ukishaliwa, haurudi. Na muda wote huo mgonjwa mara nyingi hasikii maumivu, ndiyo maana atakuja kwenu jino tayari linacheza.

Wako watakaowachanganya. Kuna anayeona damu akaogopa, akaacha kusugua pale pale panapohitaji kusuguliwa. Mvuta sigara naye hutoka damu kidogo, kwa kuwa tumbaku hubana mishipa, akajiona mzima. Huyo mwambieni apanue kinywa mjionee wenyewe.

Zahanati nyingi mtakazopangiwa hazina kiti cha meno. Lakini mtakuwa na kliniki ya wajawazito, ambao homoni huwavimbisha fizi, na kliniki ya kisukari, ambako sukari huharibu fizi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Mswaki wa mti msiudharau. Mzee wa Diani anayeutumia kabla ya swala yuko sawa, maadamu nyuzi ni laini na anafika hadi kwenye ukingo wa fizi na magego ya nyuma.  

Ninalowaomba ni swali moja. Kila mama mjamzito, kila mwenye kisukari, kabla hajatoka mlangoni muulizeni: ukipiga mswaki, unaona damu? Akijibu ndiyo, mwonyesheni namna ya kusugua taratibu, kisha mwandikieni rufaa siku hiyo hiyo, kabla jino halijaanza kucheza.