Deni la Duka Lililofungwa

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo lililowatia wengi katika hasara wasiyoitazamia. Duka limefungwa, kufuli limetiwa mlangoni, kibao kimeshushwa. Je, na deni la duka limekwisha? Au mdai aweza kutufuata mpaka nyumbani?

Jawabu lategemea duka lile lilikuwa la nani mbele ya sheria. Mtu afanyaye biashara peke yake, hata akiandikisha jina zuri na kulipachika juu ya mlango, yeye na duka ni kitu kimoja. Jina lile si mtu. Kufunga mlango hakumpunguzii hata senti moja. Wabia hali yao ni nzito zaidi, maana katika ubia wa kawaida mdai aweza kumshika mmoja kwa deni zima, kisha huyo ndiye atakayewatafuta wenzake. Tuseme watu watatu wameshirikiana kununua nafaka. Wawili hawana kitu, wa tatu ana nyumba ya mabati. Hapana haja ya kuuliza mdai atabisha hodi kwa nani! Wala kujitoa katika ubia hakumwondolei mtu madeni yaliyofanywa alipokuwamo.

Kampuni ni jambo jingine. Huko Whitechapel, katika mji wa London, alikuwako mtengeneza viatu aitwaye Aron Salomon. Mwaka 1892 aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe. Sheria ya siku zile ilitaka wanachama saba, naye akawapata mumo humo nyumbani: yeye, mkewe na watoto wao watano. Katika hisa 20,007 yeye alikuwa nazo 20,001. Tena sehemu ya bei alilipwa kwa hati za deni za paundi 10,000, ambazo mali ya kampuni ilikuwa rehani yake. Muda si mwingi migomo ikaiharibu biashara ya viatu, na kampuni ikafilisika. Alipokwisha kulipwa mtu aliyekopesha paundi 5,000 kwa hati zile, zilibaki paundi 1,055 hivi, na wadai wasio na rehani walidai zaidi ya 7,000. Hoja yao ilikuwa kwamba kampuni ile ni Salomon yule yule aliyebadili kanzu, basi na alipe yeye. Jaji wa kwanza alimhukumu Salomon, na majaji wa rufani vile vile. Lakini tarehe 16 Novemba 1896, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani, liliamua kwamba kampuni iliyoandikishwa kwa halali ni mtu mbali, na madeni yake si ya Salomon. Hata zile zilizobaki akapewa yeye, kwa ajili ya hati zake.

Twakiri kuwa wadai wale twawahurumia. Walakini daftari la makampuni lilikuwa wazi kwa atakaye kulitazama.

Msingi huo ndio uliomo katika Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002, na ile ya Kenya ya mwaka 2015. Kampuni ya hisa yenye herufi Ltd ikifilisika, mwenye hisa hudaiwa kile tu ambacho hajakilipa katika hisa zake. Ila ikithibitika kwamba wakurugenzi waliendesha biashara kwa hila ili wawadhulumu wadai, mahakama yaweza kuwalipisha wao wenyewe.

Lakini wengi hawanaswi na hila. Hunaswa na kalamu. Kampuni changa haina mali, na mwenye benki alijua hilo zamani. Kwa hiyo humwambia mkurugenzi: tia sahihi hapa, uwe mdhamini. Karatasi ile ni ahadi yake mwenyewe, si ya kampuni, na kampuni ikifa, ahadi haifi nayo. Yatupasa tuulize kabla ya kutia sahihi: naandika kwa niaba ya kampuni, au kwa nafsi yangu? Dhamana hii ni ya mkopo huu peke yake, au na ya mikopo ijayo? Na iwapo nyumba wanayokaa mume na mke ndiyo itakayowekwa rehani, sheria za ardhi za Tanzania na Kenya zataka ridhaa ya wote wawili. Basi mke akiletewa karatasi usiku, huku mume akimhimiza kwamba ni sahihi tu, ana haki ya kuiweka mpaka asubuhi, akaisomewa neno kwa neno.