NANI ALIPE? FEDHA ZA MAJI MACHAFU KATIKA MJI WA WASHINGTON

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulitaja wakati wa chakula, nalo ni maji machafu ya mji, yaani maji yatokayo vyooni, jikoni na mabafuni. Sikusudii kueleza ufundi wa kuyasafisha, maana mimi si fundi. Mimi ni karani, na kazi yangu ni daftari. Nataka tutazame upande wa fedha. Mtambo wa kusafishia maji machafu haujengwi mara moja ukaachwa. Kila kizazi hupaswa kuuongeza na kuutengeneza upya, na kila mara huulizwa maswali yale yale matatu: nani alipe, alipe kwa kipimo gani, na alipe lini?

Mfano wangu ni mji wa Washington, makao makuu ya Serikali ya Marekani. Nimeuchagua kwa sababu mji ule umejaribu karibu kila njia ya kupata fedha iliyo halali, na pia ulipata kujaribu njia moja isiyofaa.

Mtambo wao unaitwa Blue Plains, nao uko ukingoni mwa mto Potomac. Ulianza kazi mwaka 1937. Wakati huo kazi yake ilikuwa kuyatuliza maji ili uchafu mzito uzame, basi. Mwaka 1959 ukaongezewa sehemu ambamo vijidudu hula uchafu uliobaki. Baadaye, kwa kuwa hori kubwa la Chesapeake lilikuwa likidhurika kwa mbolea iliyomo katika maji ya miji, mtambo ukaongezewa tena sehemu za kuondoa fosforasi na naitrojeni. Leo una uwezo wa kusafisha kwa wastani galoni milioni 384 kwa siku, nao huhudumia watu zaidi ya milioni 2. Kila ongezeko katika hayo lilidai fedha nyingi.

Sasa niseme habari ya ile njia isiyofaa. Zamani idara ya maji ilikuwa sehemu ya serikali ya mji, na fedha za ankara za maji zilikuwa na mfuko wake. Lakini katika miaka ya 1990 mji uliishiwa na fedha, hata mwaka 1995 Bunge la Marekani likaweka halmashauri ya kuusimamia matumizi yake. Katika dhiki ile, makumi ya mamilioni ya dola yalichukuliwa katika mfuko wa maji yakatumiwa kwa mambo mengine ya mji. Huenda yalilipa mishahara, huenda yalilipa madeni ya haki kabisa. Lakini aliyelipa ankara ya maji hakulipa kwa ajili ya hayo, na mtambo ulikuwa ukingoja matengenezo. Wilaya jirani, ambazo nazo hulipia mtambo ule, zilikasirika, na zilikuwa na haki kukasirika.

Dawa yake ilipatikana mwaka 1996. Mji uliunda mamlaka ya maji yenye kujitegemea, yenye daftari lake, mfuko wake na baraza lake. Wajumbe wa baraza hilo ni 11: 6 wanatoka mjini na 5 wanatoka wilaya jirani. Lakini linapokuja shauri la bei atakayotozwa mkazi wa mji, ni wajumbe wa mji tu wapigao kura. Tazameni busara iliyomo: jirani amepewa sauti juu ya kitu anachokilipia, wala hakupewa sauti juu ya mfuko wa mwenziwe. Tangu hapo mamlaka iliweza kukopa kwa jina lake yenyewe. Maana mkopeshaji, kabla ya kutazama mashine, hutazama daftari. Na daftari ambalo fedha zake hutoka kwa mlango wa nyuma halikopeshwi ila kwa riba kubwa.

Baada ya kulitengeneza daftari, ndipo ulipokuja mzigo mkubwa. Katika thuluthi moja ya Washington, mifereji iliyochimbwa zamani hupokea maji ya vyoo na maji ya mvua pamoja. Mvua kubwa iliponyesha, mifereji ilifurika, na maji yote, ya mvua na ya vyoo, yakamwagika katika mito kabla ya kufika Blue Plains. Shauri lilifikishwa mahakamani, na mwaka 2005 mji ukafungwa kwa hati ya mahakama kuwa ujenge mahandaki makubwa ya kuyahifadhi maji hayo na kuyapeleka mtamboni. Gharama yake ni zaidi ya dola bilioni 2 na nusu. Sehemu ya kwanza ya mahandaki ya mto Anacostia, yenye upana wa futi 23, ilifunguliwa mwaka 2018, na sehemu ya mwisho ya mto huo ikaanza kazi mwaka 2023.

Fedha hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika chemchemi nne, nami nitazitaja moja moja.

Chemchemi ya kwanza ni majirani. Wilaya za Maryland na Virginia zinazopeleka maji yao Blue Plains zina mapatano ya maandishi na mji, ya mwaka 1985, ambayo baadaye yalitengenezwa upya. Kila mmoja hulipa gharama za ujenzi kwa kadiri ya sehemu ya mtambo aliyotengewa. Zaidi ya hayo, jimbo la Maryland mwaka 2004 liliweka ushuru maalumu, ambao watu waliupa jina la ushuru wa choo: dola 2 na nusu kwa mwezi kwa kila nyumba, ukaongezwa mara mbili mwaka 2012. Fedha za ushuru huo zilisaidia mitambo mikubwa inayotumiwa na watu wa Maryland, Blue Plains ikiwamo, kuondoa naitrojeni.

Chemchemi ya pili ni msaada wa Serikali Kuu. Bunge lilitoa fedha kwa ajili ya mahandaki, lakini zilikuwa kidogo kuliko gharama yenyewe.

Chemchemi ya tatu ni ankara, na hapa ndipo penye ugomvi. Zamani mtu alilipia maji machafu kwa kadiri ya maji safi aliyopimiwa na mita. Lakini mahandaki yanajengwa kwa sababu ya mvua, na mvua haipiti katika mita. Uwanja mkubwa wa kuegesha magari hautumii hata ndoo moja ya maji, lakini mvua ikinyesha humwaga mto mzima mferejini. Kwa hiyo mwaka 2009 mji uliweka ushuru mpya juu ya ardhi iliyofunikwa: mapaa, lami na saruji. Kipimo chake ni futi za mraba 1,000. Ushuru ulianza kwa dola 1 na senti 24 kwa mwezi kwa kila kipimo. Kufikia mwaka 2018 ulikuwa dola 25 na senti 18.

Serikali Kuu, ambayo ina majengo mengi sana mjini mle na haitozwi kodi ya majengo, iliuliza kama hii si kodi iliyovikwa nguo nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2011 ikapitishwa sheria kwamba ofisi zake zilipe kama mteja mwingine yeyote. Lakini kilio kikubwa kilitoka makanisani na makaburini. Kanisa la zamani lina paa pana na uwanja wa lami, na sadaka zake huenda ni za wajane. Makaburi yana njia za lami, na waliolala humo hawana mshahara. Kwa kipimo walikuwa na deni, maana mvua ya paa la kanisa ni mvua kama nyingine. Lakini kwa uwezo walikuwa wameelemewa. Basi serikali ya mji ikatenga fedha za kuwapunguzia, na kuanzia mwaka 2019 sehemu ya mzigo ilianza kurudishwa katika kipimo cha mita. Wenye nyumba walio maskini nao wana nafuu yao katika ankara. Hapa twajifunza kwamba kipimo kilicho sawa huweza kuwa kizito kisicho sawa, na mwenye kuweka bei hana budi kuyatazama yote mawili.

Chemchemi ya nne ni mkopo. Mwezi wa Julai mwaka 2014 mamlaka ile ilifanya jambo ambalo hakuna mamlaka ya maji ya Marekani iliyopata kulifanya: iliuza hati za deni za miaka 100. Ilikusudia kukopa dola milioni 300. Waliotaka kununua wakawa wengi, na mkopo ukaongezwa kuwa milioni 350, kwa riba ya asilimia 4.814 kwa mwaka. Mwisho wa deni ni mwaka 2114.

Nalikaa na kalamu nikapiga hesabu, nanyi mnaweza kuihakiki. Dola milioni 350 kwa riba ile hudai karibu dola milioni 16.8 kila mwaka. Kama deni lote litakaa miaka 100, riba peke yake itakuwa karibu dola milioni 1,685, na deni lenyewe bado linangoja kulipwa. Lakini lau fedha hizo zingalikopwa kwa riba ile ile na kulipwa zote kwa miaka 30, malipo yangalikuwa karibu milioni 22.3 kwa mwaka, na jumla yake karibu milioni 669. Maana yake ni kwamba mji ulijipunguzia mzigo wa kila mwaka kwa kama robo moja, na kwa ajili ya robo hiyo ukakubali jumla iliyo kubwa mara tatu. Mtu atasema, “Kukopa harusi, kulipa matanga, na hapa harusi ni yetu na matanga ni ya wajukuu.”

Neno hilo ni zito, wala silidharau. Lakini yapo majibu mawili. Kwanza, dola itakayolipwa mwaka 2114 haitakuwa na nguvu ya dola ya leo, kama vile shilingi ya babu zetu ilivyonunua vitu ambavyo yetu hainunui. Pili, na hili ndilo kubwa, handaki lile limejengwa likusudiwe kudumu miaka 100. Mtoto atakayezaliwa mwaka 2080 atakuta mto safi. Je, ni haki mjane wa leo alipe yote katika miaka 30, na mtoto yule asilipe hata senti? Pampu, mota na vichungio vya mtambo ni shauri jingine. Hivyo huchakaa upesi, navyo havifai kukopewa kwa karne. Basi kanuni ninayoiona ni hii: deni lisiishi zaidi ya kitu kilichonunuliwa nalo. Likiishi sawasawa na kitu, kila kizazi hulipia kile kinachokitumia. Likiishi zaidi, watoto wetu watalipia chuma kilichokwisha kuoza.

Nitataja mambo mengine mawili kwa ufupi. Mwaka 2015 Blue Plains ilifungua mashine za kupika tope la maji machafu kwa mvuke na kulivundisha. Gharama yake karibu dola milioni 470. Hewa itokayo humo huwasha umeme upatao thuluthi ya mahitaji ya mtambo, na tope lililobaki huuzwa kuwa mbolea. Mwaka 2016 mji ulikopa dola milioni 25 kwa ajili ya bustani na vijia vya kunywesha ardhi maji ya mvua, kwa masharti mapya: kazi ikifaulu sana, wakopeshaji wapate zaidi, ikishindwa, na wao wapate hasara. Ilipopimwa mwaka 2021, maji yatiririkayo yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 20, kiasi cha katikati, wala hapakuwa na wa kumlipa mwenziwe nyongeza.

Ndugu zangu, mahandaki huchimbwa na wahandisi, na bei hupangwa na mabaraza. Lakini mfuko wa maji wa Washington haukuchukuliwa kwa bunduki. Ulichukuliwa kwa vocha, na kila vocha ina mtu aliyeiandika, aliyeihakiki, na aliyeiingiza daftarini. Hiyo ndiyo sehemu yetu. Karani hawezi kuamua mji ukope miaka mingapi. Lakini aweza kuuliza, kabla ya kutia sahihi, fedha hii ni ya mfuko gani, na je, inakwenda mahali ilikokusanyiwa? Aweza kuandika karibu na deni umri wa kitu kilichonunuliwa, ili mabwana wakubwa wauone. Na anapoletewa kilio cha mtu aliyeelemewa na ankara, aweza kukiandika vizuri na kukipeleka mbele, badala ya kukifungia katika jalada.

Maji machafu hayaonekani yakiisha kupita chini ya barabara, na fedha zake nazo hupita mbali na macho ya watu. Ndiyo sababu daftari lake lahitaji macho makali kuliko mengine.