Mlango Ambao Haukufunguliwa: Kura za Maoni na Mpiga Kura wa Isili



Nimeombwa nijibu kama kura za maoni bado zinaweza kuaminika kuonyesha nia ya wapiga kura. Jibu langu nalitoa mapema. Kura za maoni hupima vizuri watu waliokubali kuzungumza. Walionyamaza hazina namna ya kuwapima, na katika nchi yetu walionyamaza si wachache, wala hawakunyamaza bila sababu. Mahali pazuri pa kuliona jambo hilo ni hapa hapa Eastleigh, Nairobi, Isili yetu.

Kwanza neno lenyewe. Sisi Wakenya tukisema kura ya maoni tunamaanisha uchunguzi unaofanywa na kampuni ya utafiti. Ndugu zetu wa Tanzania hulitumia neno hilo hilo kwa kura halisi, iwe ya chama kuteua wagombea au ya wananchi kuhusu katiba, ambayo sisi tunaiita kura ya maamuzi. Naona neno "kura" limetupotosha. Mtu aliyeulizwa kwa simu akiwa dukani hajapiga kura yoyote. Hajapanga foleni alfajiri, hajachovya kidole kwenye wino. Amejibu mgeni, basi.

Januari 2013

Nilikuwa mhoji wa kampuni moja ya utafiti ambayo sitaitaja. Zilikuwa zimebaki wiki chache kabla ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Tulifundishwa kazi vizuri: anza kwenye alama inayojulikana, msikiti au shule, hesabu nyumba, bisha hodi kwa kila nyumba ya tano, na ndani ya nyumba usimchague aliyefungua mlango bali mchague mtu mzima kwa bahati nasibu. Utaratibu huo una akili. Mnunuzi wa mchele hafungui gunia zima. Huchoma bambo ubavuni, akatoa punje kiganjani, akajua ananunua nini. Bambo likichomwa juu, katikati na chini, punje chache zinatosha. Likichomwa juu tu, ambako muuzaji amepanga mchele mzuri, litadanganya hata ulichome mara mia.

Sasa fikirini mtaa ulivyokuwa mwezi ule. Novemba 18, 2012 bomu lilikuwa limelipua matatu hapa Eastleigh, watu wakafa, kisha makundi ya vijana yakawageukia majirani zao Wasomali na maduka yao. Desemba 7 mlipuko ulitokea karibu na msikiti na mbunge wetu wa Kamukunji, Yusuf Hassan, akajeruhiwa vibaya miguu. Polisi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Na mimi, kijana mgeni mwenye karatasi na kalamu, nabisha hodi nikiuliza, "Ungempigia nani kura?"

Mama mmoja alifungua mlango kiasi cha mnyororo. Aliposikia neno uchaguzi akaniuliza, "Wewe ni wa serikali ama wa chama?" Nikamwonyesha kitambulisho changu cha kazi. Kitambulisho chenyewe kikamtisha zaidi. Akasema, "Mwanangu, samahani," akafunga. Kanuni ilisema niende mlango unaofuata, nikaenda. Siku ile milango iliyofungwa ilikuwa mingi kuliko iliyofunguliwa, na jioni idadi niliyotakiwa kufikisha ilikuwa haijatimia. Msimamizi akatuambia tujazie kwa vijana waliokuwa wamesimama kwenye kibanda cha miraa. Umri na jinsia vikilingana, alisema, inatosha. Nilifanya hivyo, na najuta. Wale vijana walikuwa wacheshi na walijibu kila swali. Lakini hawakuwa yule mama. Kwenye ripoti iliyosomwa katika televisheni, kibanda cha miraa kilihesabiwa na mlango wenye mnyororo haukutajwa popote.

Msimfikirie yule mama kuwa mjinga. Mwaka 1989 serikali iliwachuja Wakenya Wasomali na kuwapa kadi za rangi ya waridi wabebe pamoja na vitambulisho vyao. Aprili 2014, mwaka mmoja na ushei tu baada ya mimi kubisha hodi, msako wa Usalama Watch uliwazoa maelfu ya wakazi wa mtaa huu, wengine wakafungiwa katika uwanja wa Kasarani. Aliyeishi hayo amejifunza kwamba swali la mgeni lina gharama. Kunyamaza kwake ni maoni, ila si maoni ambayo dodoso lina kisanduku chake.

Hesabu tatu zinazofanana

Naomba tulikalie kidogo jambo hili, kwani ndilo lililonifanya nikubali mwaliko.

Mwaka 2013 tafiti za mwisho zilizochapishwa ziliwaweka wagombea urais Raila Odinga na Uhuru Kenyatta karibu sawa, kila mmoja katikati ya arubaini na kitu kwa mia, na zikatabiri duru ya pili. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilimtangaza Uhuru kwa asilimia 50.07, akivuka mstari wa nusu kwa kura zisizofika 9,000. Raila alipewa 43.31.

Mwaka 2017 kampuni ya utafiti ya Ipsos ilimpa Uhuru 47 na Raila 43. Kampuni nyingine, Infotrak, ikampa Raila 47 na Uhuru 46. Matokeo ya Agosti yaliyotangazwa yalikuwa 54.27 kwa Uhuru na 44.74 kwa Raila. Mahakama ya Juu iliyafuta Septemba 1, kwa hiyo tarakimu hizo nazitumia kwa tahadhari.

Mwaka 2022 Infotrak ilimpa Raila 49 na William Ruto 42, Ipsos ikawapa 47 na 41, na kampuni ya TIFA ikawapa 46.7 na 44.4. Tume ilitangaza Ruto 50.49, Raila 48.85. Tofauti ilikuwa kura 233,211.

Watu wengi waliona hapo kosa moja tu: watafiti walimtaja mshindi asiye mshindi. Tazameni tena. Hayati Raila alipimwa vizuri, au karibu na vizuri, mara zote tatu. Aliyepimwa vibaya kila mara ni mpinzani wake, na kila mara alipunguziwa. Mwaka 2022 Ruto alipata pointi sita hadi tisa zaidi ya alizopewa na kampuni hizo. Pointi hizo hazikutoka kwa Raila. Zilitoka kwenye lile fungu la "sijaamua" na "sitaki kusema" ambalo msomaji wa habari hulipita mbio akikimbilia majina.

Najua wapo humu watakaosema pengo hilo ni ushahidi wa wizi wa kura. Kwa mwaka 2017 mahakama yenyewe ilikuta dosari, na sina la kuongeza. Kwa mwaka 2022 hoja hiyo siikubali. Fomu 34A, zile za matokeo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha, na Septemba 5 majaji wote saba wakakubaliana kuyaidhinisha matokeo. Pengo lile linahitaji maelezo mengine, na mimi naona yapo mawili. La kwanza ni kujitokeza: Mombasa, ngome ya Raila, ndiyo kaunti iliyokuwa na uwiano mdogo kuliko zote wa waliopiga kura, wakati Bomet na Kericho, ngome za Ruto, walimiminika. Aliyesema "Raila" kwa simu na kubaki nyumbani Agosti 9 hakumsaidia Raila. La pili ni ule unyamavu. Rais aliyekuwa madarakani, Uhuru, machifu wake na vyombo vyake walikuwa upande wa Raila. Mkulima wa Mlima Kenya aliyepigiwa simu na sauti asiyoijua alikuwa na sababu ya kujibu kama yule mama wa Isili: samahani, kisha akakata simu.

Mpiga kura wa Isili ni nani?

Waliosajiliwa mwaka 2022 nchi nzima walikuwa 22,120,458, na Nairobi ilikuwa na zaidi ya milioni 2.4 kati yao, kama mmoja katika kila tisa. Utafiti wa watu 2,000 utachukua Nairobi watu 218 hivi. Gawanyeni kwa maeneobunge 17. Kamukunji nzima, Pumwani, California, Airbase na Eastleigh zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, inapata watu 13. Udogo huo peke yake si dhambi, kwa sababu ya lile bambo. Kwa nchi nzima watu 2,000 huleta kosa la pointi mbili tu na ushei. Ila nawasihi wanahabari waliopo: msichukue watu 13 mkaandika kuwa "wakazi wa Eastleigh wanamtaka fulani."

Na hao 13 watapatikanaje? Mtaa huu una Wakenya wa kila kabila, una wakimbizi wa Somalia na Ethiopia wasio na haki ya kupiga kura, una wafanyabiashara wenye laini tatu za simu kila mmoja, moja ya M-Pesa ya duka, moja ya jamaa, moja ya Dubai. Anayepigiwa saa tano asubuhi yuko katikati ya wateja. Anayepigiwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na yeye hufikiri kwa Kisomali au Kioromo, atajibu kwa ufupi ili aachwe.

Zaidi ya hayo kuna jambo ambalo huwaponyoka kabisa watafiti wa kutoka nje ya mtaa. Wengi wanaoishi hapa hawakusajiliwa hapa. Wamesajiliwa Garissa, Wajir, Mandera. Siku chache kabla ya uchaguzi mabasi hujaa, biashara inalegea, watu wanarudi nyumbani kupiga kura. Huko nako uamuzi mara nyingi haukai kichwani mwa mtu mmoja. Mandera, mwaka 2013 na tena 2017, mabaraza ya wazee wa koo yalikaa kugawana viti kabla hata kampeni hazijapamba moto. Ukimuuliza kijana wa Jam Street mwezi wa Mei atamchagua nani kuwa gavana, anaweza kukujibu kwa moyo safi kabisa, na mwezi wa Julai wazee wakasema neno jingine. Hakukudanganya. Ulimuuliza kabla ya kikao.

Kosa la namna hii si letu peke yetu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi milioni kumi, zikarudi zaidi ya milioni mbili, likatangaza kuwa Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda majimbo yote isipokuwa mawili. Anwani za waliotumiwa kadi zilitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na hata kati ya hao, waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa watu wa aina fulani tu. Milioni mbili, na bambo limechomwa juu tu.

Kwa nini tusiziache tu?

Wengine husema zipigwe marufuku. Sikubaliani nao. Bila utafiti, tutabaki na ukubwa wa mikutano ya hadhara na kelele za mitandaoni, na vyote viwili hununuliwa. Tafiti zilionyesha Ndiyo ikiongoza kabla ya kura ya maamuzi ya 2010, na Ndiyo ikashinda. Swali likiwa wazi na watu hawaogopi jibu lao, kipimo hufanya kazi.

Lakini pia tusijifanye hazina hatari. Desemba 2007 tafiti zilimtanguliza Raila kidogo mbele ya hayati Mwai Kibaki, na wafuasi wengi wakaenda vituoni wakijua wameshashinda. Tume ikatangaza kinyume. Tume ya Kriegler ilichunguza baadaye ikasema haiwezekani kujua nani alishinda. Tume ya Waki ilihesabu waliouawa katika ghasia zilizofuata: 1,133. Tafiti hazikumuua mtu. Zilitupa uhakika ambao hazikuwa nao wenyewe.

Bunge liliona hilo. Sheria ya 2012 ya uchapishaji wa kura za maoni inakataza kuchapisha matokeo katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi, na inamtaka mchapishaji aeleze nani aliyefadhili na nani aliyefanya utafiti. Hizo siku tano naziona ni kitu kidogo. Siku hizi picha ya matokeo ya uongo husambaa usiku mmoja kwenye WhatsApp bila kampuni, bila mfadhili, bila aliyehojiwa. Ninalolitaka ni jingine: kila kampuni itangaze, kwa sauti ile ile inayotangaza majina, ilibisha hodi milango mingapi, ikapiga simu ngapi, na wangapi walikataa, eneo kwa eneo. Tukiambiwa kuwa Nairobi waliokataa ni wengi kuliko waliojibu, tutajua tumeshika punje za juu. Na iajiri wahoji wanaojulikana mtaani, wanaosema Kisomali na Kioromo, wanawake wawahoji wanawake, na waje baada ya Isha, wakati maduka yamefungwa.

Nanyi wenyeji nina neno kwenu. Hakuna sheria inayomlazimu mtu kumjibu mhoji, na anayetaka kunyamaza ana haki. Ila anayekuja kukuhoji muulize kwanza ni nani aliyemlipa, na jina lako linaandikwa wapi. Akijibu vizuri na moyo ukatulia, mjibu ukweli.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Kati ya leo na siku hiyo mtasomewa tafiti nyingi. Kila mara mtakaposomewa, pigeni simu redioni, waandikieni wahariri, mwulizeni swali hili moja mwenye kuzisoma: wangapi walikataa kufungua mlango?