Mtoto Huandikishwa, Mzazi Hufundishwa: Wazazi na Shule za Msingi za Kiyahudi



Nimeombwa nizungumzie uhusiano wa wazazi na shule zinazofundisha dini pamoja na masomo ya kawaida. Nimechagua shule za msingi za Kiyahudi za Amerika Kaskazini, hasa za Toronto nchini Kanada, kwa kuwa huko suala hili limechunguzwa kwa makini na hata kufikishwa mahakamani. Hoja yangu ni hii: jina la mtoto ndilo linaloingia kwenye daftari la shule, lakini mzazi naye hupata mafunzo asiyoyaomba. Naamini furaha na malalamiko mengi ya wazazi hawa huanzia hapo, kuliko hata kwenye karo.

Shule zenyewe ni za kutwa. Sehemu moja ya siku ni Kiingereza, hisabati na sayansi. Sehemu nyingine ni Kiebrania, Torati, sala na sikukuu. Mtoto wa Lamu au Mombasa hahitaji kuelezwa sana, maana yeye huenda shule asubuhi na chuoni kusoma Kurani jioni. Kwa Wayahudi hawa mambo yote mawili yamo chini ya paa moja, katika ratiba moja, na malipo yake huja pamoja. Nchini Marekani, hesabu ya mwaka wa masomo wa 2013–14 ilipata wanafunzi wapatao 255,000 katika shule 861, kuanzia chekechea hadi sekondari. Wengi wao walitoka katika familia za Orthodox, yaani zinazoshika sheria za dini kikamilifu, ambako kumpeleka mtoto shule nyingine ni jambo lisilofikiriwa. Hao nitawaacha. Ninaotaka kuwatazama ni wazazi ambao wangeweza kutumia shule ya serikali bila kulipa chochote na bila kuulizwa na mtu, nao wakachagua shule ya Kiyahudi.

Watafiti Alex Pomson na Randal Schnoor walifuatilia wazazi wa namna hiyo katika shule ndogo iliyo katikati ya jiji la Toronto, Paul Penna Downtown Jewish Day School. Kitabu chao, Back to School, kilitoka mwaka 2008. Si wote waliofika pale kwa ajili ya dini. Wako waliokuwa wameoana na watu wasio Wayahudi, na wako ambao sinagogi lilikuwa jambo la utotoni kwao. Lakini shule ikawavuta. Mzazi aliyekuja kutafuta masomo ya mwanawe alijikuta ana marafiki wapya, ana mambo ya kujifunza, na kwa baadhi yao shule ikachukua nafasi ambayo sinagogi lingepaswa kuwa nayo.

Mvuto huo huanzia kwenye vitu vidogo. Shule nyingi za aina hii haziruhusu mtoto aje na nyama kwenye mkebe wa chakula, ili nyama isikutane na maziwa, jambo linalokatazwa na dini. Basi mama ambaye nyumbani kwake hakuna anayefuata kosheri, sheria za chakula za Kiyahudi, anasimama dukani akisoma maandishi ya kila pakiti. Sherehe ya kuzaliwa haiwezi kufanywa Jumamosi, siku ya Sabato, na keki lazima iwe ile ambayo kila mtoto wa darasa ataweza kuila. Ijumaa za majira ya baridi watoto hurudishwa mapema, kwa sababu Desemba jua la Toronto huzama kabla ya saa kumi na moja jioni na Sabato huingia pamoja na machweo. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuumiza kichwa: Rosh Hashanah (Mwaka Mpya), Yom Kippur (Siku ya Upatanisho), kisha Sikukuu ya Vibanda, shule inafungwa na kufunguliwa, na mwajiri asiye Myahudi anashangaa likizo gani hizi zisizokwisha.

Halafu kuna kazi ya ziada ya Kiebrania. Baba ni mhasibu au daktari, lakini hawezi kumsaidia mtoto wa miaka saba, kwa kuwa herufi hazijui. Wako wanaocheka na kujifunza pamoja na mtoto. Wako wanaoona aibu wakanyamaza. Na siku watoto wa darasa la kwanza wanapokabidhiwa kitabu cha sala mbele ya wazazi, machozi huwatoka hata wale wasiosali. Nadhani machozi hayo si ya mtoto peke yake; mzazi anamwona mwanawe akipokea kitu ambacho yeye mwenyewe hakupewa, au alipewa akakiacha.

Sasa karo. Katika shule nyingi za Toronto inazidi dola 15,000 za Kanada kwa mtoto mmoja kwa mwaka, na familia yenye watoto watatu inaweza kupiga hesabu yenyewe. Misaada ipo, lakini mwombaji hutakiwa kufungua hesabu zake zote: mshahara, kodi, madeni ya nyumba. Katika jamii ndogo, wanaozisoma karatasi hizo huweza kuwa watu unaokutana nao kwenye sala. Nijuavyo tabia za jamii ndogo, zetu zikiwemo, wapo watakaomhamisha mtoto kuliko kuomba.

Uchungu wa wazazi wa Ontario, jimbo lenye jiji la Toronto, una sababu yake. Katiba ya mwaka 1867 ililinda shule za Wakatoliki katika jimbo hilo, na hadi leo serikali huzigharimia kikamilifu. Shule za Kiyahudi hazipati. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1996, katika kesi ya Adler, Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema jimbo halilazimiki kuwalipia. Baba mmoja mwenye watoto katika shule ya Kiyahudi akaenda mbele zaidi, hadi Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1999 akashinda: kamati iliona huo ni ubaguzi. Jimbo halikubadili msimamo. Mwaka 2001 serikali ya Conservative ilileta nafuu ya kodi kwa wazazi wa shule binafsi. Chama cha Liberal kiliposhika madaraka mwaka 2003 kikaifuta. Mwaka 2007 John Tory, kiongozi wa chama cha Conservative, aliingia kwenye uchaguzi akiahidi fedha kwa shule za dini zote, akashindwa, hata kiti chake mwenyewe akakosa. Tangu hapo wanasiasa wa Ontario huikwepa mada hii.

Kwingineko hali ni tofauti: kuna shule za Kiyahudi zenye wanafunzi wasio Wayahudi. Huku kwetu Afrika Mashariki, karibu na Mbale nchini Uganda, Shule ya Msingi ya Hadassah ya jamii ya Abayudaya, Wayahudi ambao jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, hupokea pia Wakristo na Waislamu. Birmingham, Uingereza, shule ya msingi ya King David hulipiwa na serikali, na sehemu kubwa ya wanafunzi wake ni Waislamu. Wanajifunza Kiebrania na kusherehekea sikukuu pamoja na wenzao Wayahudi. Wazazi wa Kiislamu wanapenda nidhamu, wanapenda shule inayoheshimu dini, na wana hakika nguruwe haingii jikoni.

Nikiwalinganisha wazazi hawa naona jambo moja. Mtoto wa Kiislamu akirudi nyumbani Birmingham akiimba wimbo wa Kiebrania, baba yake anafurahi na mambo yanaishia hapo. Mtoto wa Kiyahudi wa Toronto akirudi Ijumaa na mkate wa Sabato alioupika shuleni, akauliza mishumaa ya Sabato iko wapi, swali hilo lina mlengwa. Mzazi atawasha mishumaa, au atatafuta la kumjibu, na wiki ijayo ataulizwa tena.

Ningependa walimu waliopo watuambie: siku ya kuandikisha, baada ya karo na sare kutajwa, ni nani humweleza mzazi kwamba maswali ya namna hiyo yanakuja nyumbani kwake?