Fimbo Moja, Mgongo Mmoja

Mazungumzo haya niliyatoa kwa wanafunzi wa kidato cha tatu katika skuli moja hapa Mjini. Mhariri kaniomba niyaandike, ili na nyinyi wa Makunduchi, Mkwajuni na kwengineko muyapate. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

Leo sitaanza na malaria, wala na yale mengine mliyozoea kuyasikia kwangu. Leo tuzungumze gofu. Haya, chekeni kwanza. Gofu! Mchezo wa wageni wa hotelini na wazee wenye vitambi, sivyo?

Wiki iliyopita mmoja wenu (simtaji, na nyinyi msigeuze shingo kumtafuta) alinifuata baada ya kipindi. Akaniambia mgongo unamuuma, mwezi wa pili sasa. Nikamuuliza, unabeba nini? Akasema, "Sibebi kitu, dada. Napiga gofu."

Mgeni mmoja alimwachia fimbo kuukuu. Basi kila Ijumaa anakwenda kwao shamba, na maji yakishakupwa anashuka pwani, anapiga vipira mpaka magharibi. Mara mia mbili, mara mia tatu kwa siku. Mgongo ukimuuma anameza vidonge vya dukani, anaendelea. Halafu akaniambia na la pili: anataka kuacha skuli kabla ya mtihani wa kidato cha nne, awe mchezaji wa kulipwa.

Sikumcheka. Gofu si ngeni hapa kwetu. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja mnaoukatiza kila siku, enzi za Waingereza sehemu yake ilikuwa ya gofu, na waliocheza walikuwa hasa Wazungu. Tena yuko kijana mmoja aliyeanza na fimbo moja, pwani, vile vile kama huyu mwenzenu.

Jina lake Seve Ballesteros, Mhispania, mtoto wa mkulima, amezaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Pedreña. Utotoni kaka yake alimpa fimbo moja ya chuma, na hiyo ndiyo aliyojifunzia mchangani, tena mara nyengine akitoroka skuli. Alikuwa kedi, yaani akiwabebea wachezaji fimbo zao. Makedi hawakuruhusiwa kucheza uwanjani ovyo, kwa hiyo yeye akiingia usiku, akipiga kwa mwanga wa mwezi. Mwaka 1974, akiwa na miaka 16, akawa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1978 alikuja huku kwetu Afrika Mashariki, akashinda mashindano ya wazi ya Kenya. Mwaka uliofuata akashinda yale ya wazi ya Uingereza, ambayo ni miongoni mwa mashindano manne makubwa kabisa duniani. Hayo manne makubwa aliyashinda jumla mara tano.

Namwona mwenzenu anatabasamu. Ngoja kwanza.

Seve alikuwa na kaka watatu, na wote watatu walikuwa wachezaji wa kulipwa. Mjomba wake Ramón Sota naye alikuwa mchezaji mkubwa. Yaani akila chakula cha usiku, waliokaa naye mkekani wote ni walimu. Wewe nyumbani kwenu nani wa kukwambia unapinda kiuno vibaya?

Na huo mgongo ndio uliomtesa. Ulianza kumsumbua angali kijana, akawa nao maisha yake yote ya mchezo. Ushindi wake wa mwisho katika mashindano makubwa ya Ulaya ulikuwa mwaka 1995, akiwa na miaka 38 tu. Akaachia ngazi rasmi mwaka 2007. (Alifariki Mei 2011 kwa uvimbe wa ubongo, lakini hilo ni jambo jengine kabisa, msije mkaenda mkisema gofu inaleta uvimbe.)

Thelathini na nane, mnaweza kusema, si mzee huyo? Kwenye mpira wa miguu, ndiyo. Kwenye gofu hapana. Phil Mickelson wa Marekani alishinda mojawapo ya yale manne makubwa mwaka 2021, ana miaka 50! Sasa mchezo unaokungoja mpaka hamsini, utashindwa kukungoja mwaka mmoja na nusu ufanye mtihani wako?

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Mcheza gofu wa kulipwa halipwi mshahara. Mashindano ya kawaida ni siku nne, mashimo 18 kila siku. Baada ya siku ya pili wanachujwa, wanabaki sitini na kitu waliofanya vizuri. Waliochujwa wanarudi kwao mikono mitupu, na tiketi ya ndege, hoteli na kedi wamelipa wenyewe. Yale mashindano ya Kenya yalianza mwaka 1967, na mpaka ya mwaka 2024 hakuna Mkenya aliyewahi kuyashinda. Aliyekaribia ni Jacob Okello, mwaka 1998. Alimaliza sare na Ricardo González wa Argentina, wakaongezewa mashimo ya kuamua, Okello akashindwa. Na huyo ni mtu aliyekuwa na viwanja, makocha na mashindano nchini kwake.

Sasa mgongo wenyewe. Ukipiga ile fimbo unapinda, unajisokota na kujifyatua kwa nguvu, na mzigo wote unaangukia kiunoni, upande ule ule kila mara. Mtu wa miaka 16 mifupa yake bado inakua. Ukirudia mara mia tatu kwa siku, mfupa wa uti wa mgongo unaweza kupata ufa mdogo. Kidonge kinanyamazisha maumivu, lakini ule ufa hakiugusi, na wewe kwa kuwa husikii tena, unazidi kupiga. Tiger Woods alipasuliwa mgongo zaidi ya mara moja, mwaka 2017 mifupa yake ikaunganishwa, ndipo akaja kushinda tena mwaka 2018. Lakini yeye ana madaktari wake na pesa zake.

Maumivu yakipita wiki mbili, au yakikuamsha usiku, nenda ukaonwe. Mguu ukifa ganzi au ukilegea, usingoje. Na ukishindwa kuzuia mkojo, ni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nilipomaliza nikauliza nani ana swali. Wasichana wakauliza kama na wao wanaweza kucheza. Wanaweza, na Tanzania bara wapo, tena hodari. Akauliza mmoja gofu iko wapi karibu. Nikamwambia vuka na boti, Dar es Salaam kuna Gymkhana na kuna Lugalo.

Mwisho akanyoosha mkono yeye mwenyewe, mbele ya wote. "Dada, daktari akinambia nipumzike wiki sita, si nitasahau?"

Nikamwambia husahau, fimbo iweke uvunguni. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa getini hospitali ya Mnazi Mmoja. Aje na mama yake, na vile vidonge avichukue, daktari avione.