Usifanye Kazi ya Hatari Peke Yako

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja wa kazi ya reli katika mkutano wa wafanya kazi wakaao Lucky Summer, ambao wengi wao wameajiriwa katika vyuo vikuu. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuja.)



Mimi si mtu wa chuo kikuu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni nikaishia hapo, na tangu siku hizo mkono wangu umezoea nyundo na spana ya reli. Labda mtu atauliza, mtu wa reli ana neno gani la kuwaambia watu wa maabara na karakana? Nina neno moja tu. Mtu aliye peke yake na hatari, hatari ikimshinda hana wa kumwita.

Kwanza nitasema kosa langu mwenyewe. Sisi wa njia ya reli tuna desturi ya zamani. Anayeinama kukaza bolti hatazami treni. Kazi ya kutazama ni ya mtu mwingine, aliyesimama kando na bendera, wala yeye hashiki spana. Jumapili moja tulikuwa wawili tu. Mwenzangu akaenda kutafuta chai, nami nikaona bolti zimebaki tatu. Nikasema, tatu ni nini? Nikainama. Tulikuwa kwenye kona, na upepo ulikuwa ukivuma kuelekea kule treni inakotoka. Sikusikia kitu mpaka reli yenyewe ilipotetemeka chini ya mkono wangu. Nikaruka. Spana ilibaki pale, ikasagwa. Mwenzangu aliporudi tuliketi kimya mpaka chai ikapoa. Hakuna nyapara aliyenilazimisha. Nilijilazimisha mwenyewe kwa ajili ya bolti tatu.

Sasa nije kwenu. Watu hudhani chuo kikuu ni mahali pa vitabu tu. Ninyi mnajua sivyo. Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi, kisha kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mahali pa namna hiyo pana boila, jenereta, lifti, mitungi ya gesi, asidi, mapaa marefu, mashimo ya maji machafu, na mashine za kukata mbao na chuma. Na kazi nyingi hufanywa usiku, au wakati wa likizo, wanafunzi wakiwa hawapo. Ndiyo kusema, hufanywa wakati ambapo ukipiga kelele hakuna asikiaye.

Katika ploti ninayokaa yuko jirani yangu, kibarua wa chuo kimoja ambacho sitakitaja. Usiku mmoja aliachwa peke yake karakanani amalize mbao za viti. Msumeno wa mashine ukamkata vidole viwili. Alifunga mkono kwa shati lake, akatembea mwenyewe mpaka getini, damu ikimtoka. Alipona. Lakini alipodai haki yake aliulizwa: Nani alikuona? Nani alikutuma usiku ule? Hapakuwa na kitabu chenye jina lake wala shahidi. Mpaka leo barua zake zinazunguka. Tazameni, ndugu zangu: mtu aliye peke yake huumia mara mbili, kwanza mwilini, kisha ofisini.

Wala msidhani ni kwetu tu kwenye shida. Huko Marekani kuna chuo kikuu chenye mali nyingi na sifa kubwa, kiitwacho Yale. Mwezi wa Aprili mwaka 2011, mwanafunzi mmoja aitwaye Michele Dufault, mwenye umri wa miaka 22, alikuwa akifanya kazi usiku peke yake kwenye mashine ya kerezo katika karakana ya jengo la kemia. Nywele zake zikanaswa na mashine inayozunguka, akafa. Alikuwa karibu kumaliza masomo yake. Hapakuwa na mtu wa kuzima mashine. Baada ya msiba huo chuo kilipunguza saa za wanafunzi kuingia karakanani, kikataka msimamizi awepo. Kanuni ile ingaliweza kuandikwa kabla.

Tuna msemo wetu, ajali haina kinga. Mimi nausikia sana, na mara nyingi unasemwa na mtu ambaye hakuumia. Treni ile haikunijia kwa bahati mbaya. Ilikuja kwa saa yake. Aliyekuwa mahali pasipo pake ni mimi. Ajali nyingi zina kinga, na kinga ya kwanza ni mwenzako.

Basi tufanye nini? Nina mambo matano.

La kwanza, tuzitenge kazi. Kufagia ofisi au kupanga vitabu mtu aweza kufanya peke yake. Lakini kuingia shimo au tangi, kushika umeme, kuendesha mashine ya kukata, kupanda paa, na kushika asidi kali au gesi, hizo ni kazi za watu wawili. Tuziandike orodha, ibandikwe ukutani, ili asiwepo wa kusema hakujua.

La pili, shimo. Hewa ya maji machafu hunuka kama yai bovu, lakini ikizidi pua huacha kuinusa, na mtu huanguka asijue. Kisha mwenzake hushuka kumwokoa, naye huanguka. Hivyo shimo moja huua wawili au watatu. Hewa ipimwe kwanza. Anayeshuka avae mkanda wenye kamba, na anayebaki juu ashike kamba hiyo, awe na nguvu za kumvuta, wala asishuke kwa sababu yo yote. Avute, aite watu. Upendo wa kurukia shimo humzika mwenye upendo.

La tatu, hewa isiyoonekana. Moshi wa jaa la Dandora twauona, hata watoto wetu hukohoa. Lakini jenereta katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kuua isiyo na harufu. Nayo nitrojeni ya maji, ile ya baridi kali wanayotumia maabara, lita moja ikimwagika hugeuka kuwa kama lita 700 za hewa, na hewa hiyo huisukuma oksijeni itoke chumbani. Na mama zangu wa usafi, nawasihi: msichanganye dawa ya kung'arisha nguo na asidi ya kusafishia choo. Hutoka gesi ya klorini, na choo ni chumba kidogo. Askari wa usiku naye aambiwe kila jengo lina nini ndani, asiingie kwa tochi tu.

La nne, ufunguo. Anayetengeneza umeme au mashine azime swichi, aifunge kwa kufuli, na ufunguo auweke mfukoni mwake mwenyewe. Karatasi ya kusema USIWASHE hupeperuka.

La tano, kitabu. Abakiye usiku aandike jina, mahali, kazi, na saa ya kumaliza. Mtu mmoja mwenye jina awekwe wa kumpigia simu kila nusu saa. Simu isipojibiwa, waende wawili mara moja kutazama. Kusema "labda amelala" kusikubaliwe. Na kitabu hicho ndicho shahidi ambaye jirani yangu hakuwa naye.

Mtasema, haya ni maneno matamu, lakini sheria ikoje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iko upande wetu. Penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama. Mfanya kazi akiona hatari kubwa anapaswa kumwarifu msimamizi wake, na mwenye kazi haruhusiwi kumrudisha hapo maadamu hatari ingalipo. Wala si halali kumfukuza mtu kwa kuwa alilalamikia hatari. Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo yasema mtu akifa kazini, wategemezi wake walipwe mapato ya miezi 96. Dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Shikeni hesabu hiyo.

Najua liko neno moja ambalo hamjalisema kwa sauti. Saa za ziada. Mkienda wawili, bwana mkubwa atasema hana fedha za wawili, na yule mmoja atakosa pesa za karo au kodi. Hilo ni kweli, wala sitawadanganya kwamba ni jambo jepesi. Kibarua akikataa peke yake, kesho huitwa mwingine getini. Kwa hiyo asikatae peke yake. Kama mmoja wetu hapaswi kushuka shimoni peke yake, basi hapaswi kwenda ofisini peke yake pia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, kila mmoja aiulizie kamati ya usalama mahali pake pa kazi: ipo? Hukutana lini? Nani ametuwakilisha? Kama haipo, tuletewe habari katika mkutano ujao. Pili, kuanzia kesho, mwanachama akibaki usiku amwambie mwenzake wa hapa Lucky Summer saa ya kurudi, na mwenzake asilale mpaka ampate kwa simu. Jambo hili la pili halihitaji ruhusa ya mtu wala shilingi moja.

Mimi kwangu nimeshaanza. Mwenzangu wa Jumapili ile sasa huja na chai yake katika chupa.